Amapiano ina babu yake, na babu huyo alipigia ghalani

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu amapiano niliisomea kwa kinyozi hapa Mwanjelwa, Mbeya, mara mbili, maana foleni ilikuwa ndefu. Mwandishi wenu ameusifia muziki huo vizuri na sina ugomvi na sifa. Ugomvi wangu uko kwenye mambo mawili. Amesema amapiano imezuka tu Afrika Kusini, kana kwamba haina mzazi. Halafu amesema DJ ni mtu wa kubonyeza vitufe, wenye kazi ni wasanii. Nilipofika hapo nikaguna, kinyozi akanigeukia na wembe mkononi, kwa sababu anajua nimekula ugali wa kazi hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini.

Nianze na mzazi.

Mwaka 1992 nilikuwa kijana wa kubeba spika kwa mjomba wangu, aliyekuwa na muziki wa kukodi: amplifaya moja, spika mbili za mbao alizotengenezewa na seremala wa Soweto ya hapa hapa Mbeya, na jenereta lililokuwa likizimika kila wimbo unapokolea. Tulipiga disko vumbi Uyole, Igawilo, Mbalizi, mpaka Tukuyu. Kaseti tulizifuata Tunduma. Madereva wa malori walizitoa kusini, watu wakazidurufu upande wa Zambia, Nakonde, sisi tukazinunua zikiwa na maandishi ya kalamu ya wino tu. Moja iliandikwa neno moja: HOUSE. Mjomba, aliyeishia darasa la saba kama mimi, akatafsiri pale pale: "Huu ni muziki wa nyumba." Basi mwaka mzima kaseti ile ikawa ya sherehe za kuhamia. Mtu akimaliza kuezeka bati, sisi huyo na kaseti yetu ya nyumba. Hakuna aliyelalamika.

Ndani yake kulikuwa na wimbo usio na maneno, sauti kama ya filimbi ikipita juu ya kinanda taratibu, kama mchunga ng'ombe asiye na haraka ya kurudi. Watoto wa Igawilo waliushika kwa mluzi, ukiwatuma dukani unawasikia tangu wanapokata kona. Miaka kumi na tano baadaye, kwenye kibanda cha intaneti, ndipo nilipolijua jina lake: The Whistle Song, wa mwaka 1991, wa mtu anayeitwa Frankie Knuckles. Siku hiyo hiyo nikajua kwamba ile "house" haikutokana na nyumba ya mtu kuishi. Ilitokana na ghala.

Knuckles alizaliwa Bronx, New York, Januari 18, 1955, jina la nyumbani Francis Nicholls. Alisomea usanifu wa vitambaa, lakini usiku yeye na rafiki yake Larry Levan walikuwa kwenye madisko, na ujana wao wa kupiga santuri waliupitia Continental Baths, ambako, msicheke, kulikuwa ni mahali pa kuoga penye ukumbi wa kucheza. Mwaka 1977 Robert Williams akafungua ukumbi Chicago, mtaa wa South Jefferson, namba 206. Aliyemtaka kwanza ni Levan. Levan akakataa, kazi ikamwangukia Knuckles. Jengo lenyewe lilikuwa la kiwanda, watu wakaliita Warehouse, yaani ghala. Baadaye vijana wakawa wanaingia kwenye maduka ya santuri kuulizia ngoma zinazopigwa Warehouse, wenye maduka wakaona neno refu, wakalikata. Likabaki house.

Waliojaa mle walikuwa zaidi watu weusi na Walatino, na wengi wao mashoga, watu ambao milango mingine iliwafungia. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na Mhariri akitaka kuifuta sentensi hii ni shauri lake. Pombe haikuuzwa. Watu walikesha kwa juisi na maji, kutoka Jumamosi usiku hadi Jumapili jua limechomoza. Nilipomsimulia hilo mwenye baa mmoja wa Mafiati alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi habari ya ghala ilinigusa kwa sababu na sisi tumepigia ghalani. Krismasi ya 1994 mjomba alikodi ghala la kahawa kule Rungwe, msimu ukiwa umeisha. Sakafu ya saruji, bati juu, harufu ya magunia, na mvua ya Tukuyu ambayo wanaoijua wanaijua. Besi ikigonga, bati linaitikia. Vijana wa Kinyakyusa, ambao kwao ling'oma na ngoma zake kubwa si kitu cha kufundishwa, walisikia kile kishindo kimoja kimoja, dum, dum, dum, dum, hakiharakishi wala hakichoki, wakakipokea kwa miguu kama wanakifahamu siku nyingi. Ile kaseti tuliirudia mara nne. Mara ya tano utepe ukatafunwa na deki, nikautoa kwa penseli huku watu wananizomea gizani.

Sasa nije kwenye hili la vitufe.

Julai 12, 1979, mtangazaji wa redio wa Chicago, Steve Dahl, alikusanya santuri za disko katikati ya uwanja wa besiboli wa Comiskey Park akazilipua. Watu wakavamia uwanja, mchezo wa pili wa siku hiyo ukashindikana. Baada ya hapo makampuni makubwa ya Marekani yakaanza kuukimbia muziki wa disko. Sasa fikiria wewe ni DJ, ukumbi unajaa kila Jumamosi, na santuri mpya zinazidi kuadimika. Utafanya nini? Knuckles alichukua za zamani akazifanyia ufundi. Alizihamishia kwenye tepu kubwa za magurudumu, akakata kwa wembe, akaunga kwa gundi, akarefusha pale watu wanapopenda na kuondoa pale wanapopoa. Wimbo wa dakika tatu ukawa wa kumi. Mwishoni mwa 1982 akaondoka Warehouse, akafungua ukumbi wake, Power Plant, na huko akaleta mashine ya ngoma, Roland TR-909, aliyouziwa na Derrick May, kijana wa Detroit ambaye naye baadaye akawa jina kubwa. Akaipigisha chini ya santuri ili kishindo kisikatike wimbo mmoja unapoingia kwa mwingine. Mwandishi wenu akisikiliza amapiano anasikia watoto wa kishindo hicho. Vijana wa Afrika Kusini waliipokea house, wakaipunguza mwendo ikawa kwaito miaka ya 1990, wakaendelea na house yao wenyewe, na kutoka humo, pamoja na jazi na mengine ya kwao, ikaja amapiano yenye besi ile inayogonga kama mtu anayebisha hodi kwenye tangi la maji. Ufundi ni wao na heshima yao wapewe. Lakini mzazi yupo.

Sisi huku hatukuwa na TR-909. Tulikuwa na deki mbili za kaseti. Ukitaka wimbo urefuke, unacheza huku, unarekodi kule, unasimamisha penye pigo, unarudisha nyuma, unaachia tena penye pigo. Ukikosea nusu ya nusu ya sekunde, wimbo unachechemea na mcheza anajikwaa. Nilijifunza kwa miezi minane, usiku, kwa kibatari, na kidole gumba changu cha kulia mpaka leo kina sugu. Mwandishi wenu akija Mwanjelwa nitamwonyesha kidole chenyewe, abonyeze na yeye.

Jambo moja la Knuckles nililiiga moja kwa moja. Inasimuliwa kwamba pale Warehouse alikuwa anazima taa zote, halafu spika zinatoa sauti ya treni, inakuja toka mbali, inapita katikati ya watu gizani. Niliposoma hivyo sikulala. Kwani sisi hatuna treni? Nilikwenda karibu na stesheni ya TAZARA na redio kaseti begani, nikangoja ile ya kutoka Kapiri Mposhi, Zambia, ambayo siku hiyo iliamua kuchelewa kwa saa saba. Ilipoingia niliinasa yote, honi, breki, na sauti ya mama mmoja akiuza ndizi. Jumamosi yake, kwenye harusi Iyunga, nikazima taa nikaiachia. Wasichana walipiga makelele, kisha ngoma ikaingia na ukumbi mzima ukaruka. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi, aliyewahi kufanya kazi relini, alitoka nje kwenda kuangalia njia. Aliporudi alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hii haipo kwenye ratiba." Nimepata malipo mengi maishani, hilo silisahau.

Chicago hawakumsahau mtu wao. Agosti 2004 kipande cha mtaa wa Jefferson, palepale penye lile ghala, kilipewa jina lake, na mmoja wa waliolisukuma jambo hilo ni seneta wa jimbo wa wakati huo, Barack Obama. Tuzo ya Grammy ya fundi bora wa kusuka upya nyimbo za wengine ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 1998, aliichukua yeye. Santuri zake zimewekwa Stony Island Arts Bank, jengo la benki ya zamani kule Chicago, na jengo la ghala lenyewe mwaka 2023 jiji liliweka chini ya ulinzi wa kumbukumbu lisibomolewe. Kaseti za mjomba ziko kwenye ndoo mbili za rangi, uvunguni kwangu. Nusu zimeota ukungu. Waliokuwa wakipiga disko Mbeya, Iringa na Songea miaka ile, wengi tumewazika, na sijaona hata mstari mmoja juu yao gazetini.

Kuna la mwisho, na hili ndilo lililonipa muda wa kuandika barua ndefu namna hii. Knuckles alivunjika mguu akicheza ule mchezo wa kuteleza kwa ubao kwenye theluji, mfupa ukaingia maradhi, na kisukari kikamkuta humo humo. Safari za kazi hazikumpa nafasi ya kutulia. Mwaka 2008 wakaukata mguu. Akaendelea kupiga. Machi 31, 2014 akafariki kwa matatizo ya kisukari, akiwa na miaka 59.

Mimi nina miaka 53. Kazi yetu inaanza watu wakishakula na kwisha kuku wakiwika. Usiku mzima nilikuwa naendeshwa na soda, tatu, nne, za bure kutoka kwa mwenye shughuli, na saa tisa usiku chipsi mayai. Nilidhani kiu ni joto la spika. Kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, joto la spika! Mwaka jana kidonda kidogo cha kiatu hakikupona, na dole gumba la mguu wa kushoto limebaki hospitali. Wenzangu wa kazi hii wanaosoma gazeti hili kwa kinyozi, kapimeni sukari wiki hii. Kipimo ni tone moja la damu.

Ombi langu kwako, Mhariri, si kubwa. Nusu ukurasa, siku yoyote, kwa wazee wa muziki wa kukodi wa Nyanda za Juu Kusini waliobaki. Mwandishi yule yule aje, sina kinyongo naye, na aje na kinasa sauti kwa sababu baadhi yetu tumekuwa viziwi kidogo na tutapiga kelele. Jumamosi hii ana bahati, nina kipaimara Iyunga. Nitapiga nimekaa kwenye kiti. Chini ya meza nina chupa yangu ya maji, soda nimesema wapewe watoto, na treni ya TAZARA itapita kama saa mbili usiku hivi, isipochelewa.

Wako,
DJ wa muziki wa kukodi,
Mwanjelwa, Mbeya