Gemu za viwanda zinafunza, lakini malighafi zetu huoza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie gemu za kompyuta za kujenga viwanda. Baadhi ya vijana wetu wa Unguja na Pemba wanazipenda sana, na wazazi wengi wanazihesabu kuwa ni upotezaji wa wakati tu. Mimi nasema zina elimu ya kweli ndani yake, ila elimu hiyo ina pengo, na pengo lenyewe liko pale pale inapotuuma sisi watu wa visiwani.

Inayojulikana zaidi ni Factorio, ya kampuni ya Wube Software ya Prague, Jamhuri ya Cheki. Ilianza kuuzwa Steam, duka la gemu la mtandaoni, mwaka 2016 ikiwa bado haijakamilika, na toleo kamili likatoka Agosti 2020. Satisfactory, ya Coffee Stain ya Sweden, ni ya jamii hiyo hiyo lakini inataka kompyuta yenye nguvu kubwa ya picha. Factorio inakwenda hata kwenye laptopu ya kawaida, na ukishaipakua huhitaji intaneti kuicheza.

Utamu wake uko kwenye hesabu. Tuseme mchezaji anataka pakiti 60 za utafiti, zile nyekundu zinazomfungulia mashine mpya, kwa dakika. Kila pakiti inakula gia moja na bamba moja la shaba, na kila gia inakula mabamba mawili ya chuma. Mashine ya kuundia ya daraja la kwanza inatoa pakiti moja kila sekunde 10, kwa hiyo zinahitajika 10, na mashine moja tu ya gia inazilisha zote. Maana yake ni mabamba mawili ya chuma na moja la shaba kwa sekunde. Tanuri la mawe linatoa bamba moja kila sekunde 3.2, basi jenga matanuri 7 ya chuma na 4 ya shaba. Mashine ya umeme ya kuchimbia inatoa pande moja la madini kila sekunde mbili: weka nne kwenye chuma, mbili kwenye shaba, mbili kwenye makaa ya mawe ya kuwashia matanuri na boila. Mashine hizo za kuchimbia na za kuundia zinakula karibu megawati 1.5, na boila moja yenye injini mbili za mvuke inatoa 1.8.

Ukikosea mahali pamoja huhitaji mwalimu wa kukwambia. Mkanda unaobeba vitu toka mashine hadi mashine unafurika nyuma ya mashine iliyoelemewa, na mbele yake unabaki mtupu. Kosa la wanaoanza ni kuchanganya vitu viwili upande mmoja wa mkanda: kimoja kikikosa mlaji kinajazana, kinakizuia kile kingine, na kiwanda kizima kinasimama huku vitu vimejaa tele. Dawa ni kuutumia mkanda kwa pande zake mbili, chuma huku na shaba kule. Mwanafunzi aliyeliona hilo mara moja ameshaelewa jambo ambalo ubaoni lingechukua wiki.

Lipo na somo la umeme. Boila zinalishwa makaa kwa mikono ya umeme, inayotoa vitu mkandani na kuvitia mashineni, na makaa yanachimbwa kwa mashine za umeme. Mzigo ukizidi, umeme unapungua nguvu. Mashine zinachimba polepole, makaa yanapungua, boila zinapoa, umeme unapungua zaidi, mpaka giza. Wajuzi huweka kwenye boila mikono inayojiendesha kwa makaa yenyewe, ili mlango wa boila usikose chakula hata gridi ikizimika.

Lakini hapo hapo ndipo gemu inapoanza kudanganya. Waya wake haukatiki wenyewe, gia hazisagiki, beringi haziungui. Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila umeme wa gridi, Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu kwenye njia ya umeme unaotoka bara. Mchezaji hapangi akiba ya vipuri wala siku ya matengenezo, halipi mshahara, hatafuti soko. Eneo likiisha madini anahamia jengine, kwani ramani ni kama haina mwisho. Pemba haifiki kilomita za mraba 1,000.

Kubwa kuliko yote, madini hayana msimu wala hayaozi. Ukijaza makasha elfu ya chuma, mwaka ujao utayakuta kama ulivyoyaacha. Karafuu mbichi zikichumwa lazima zianikwe, zinapoteza karibu theluthi mbili ya uzito, na zikinyeshewa au zikilundikwa mbichi zinaharibika. Dagaa wakicheleweshwa kuchemshwa na kuanikwa ni hasara ya siku hiyo hiyo. Mwani nao unasubiri jua. Kijana aliyezoea kurundika akiba mbele ya kila mashine atakuja kurundika maembe mbele ya mashine ya juisi.

Nyongeza ya Factorio iitwayo Space Age, iliyotoka Oktoba 2024, imeligusa jambo hili katika sayari ya Gleba, na wachezaji wengi wameilalamikia. Matunda ya huko yanaoza baada ya saa moja, na rojo linalosagwa kutokana nayo halifiki hata dakika tano. Mkanda ukisimama, kila kitu kinakuwa uozo na mashine zinaziba. Inabidi mashine ya kusaga ikae ubavuni mwa ile inayolitumia rojo, kila mashine iwe na mkono wa kuondoa kilichooza, na mwisho wa mkanda liwepo tanuri la kuchoma mabaki. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu bora ya gemu nzima, na kwa mtoto wa visiwani ndiyo inayofaa kupewa uzito wa kwanza.

Kuhusu wakati, wazazi wana haki. Kila ukifungua msongamano mmoja unaibuka mwengine, na hakuna mahali gemu inapokwambia basi. Mtoto aandike lengo kwenye karatasi kabla ya kuwasha, mfano hizo pakiti 60, na likitimia azime.

Kwa skuli zenye chumba cha kompyuta, Factorio ina toleo dogo la majaribio lisilolipiwa, na Mindustry, gemu nyengine ya viwanda, inapatikana bure kwenye simu za Android, ingawa ina vita vingi. Wanafunzi wapige hesabu kwa kalamu kwanza, wajenge, halafu mwalimu azime mashine moja ya kuchimbia na awaulize ni ipi itakayokosa chakula mwanzo, na baada ya sekunde ngapi. Kisha wachore upya mstari ule ule kwa karafuu au maembe: wapi pataanikwa, mvua ikinyesha zinakwenda wapi, beringi ikiungua nani anayo nyengine, na kiwanda kitafanya kazi gani miezi ambayo hakuna mavuno.

Fundi mitambo,
Chake Chake, Pemba