Barua kwa Mwanangu: Jamhuri Iliyobakiwa na Majina

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Augustus, yuleyule Kaisari Augusto tunayemsikia kanisani kila Krismasi, aliiokoa Roma au aliiua jamhuri yake. Kwa maoni yangu, jamhuri aliyoikuta ilikuwa hoi tayari.

Chanzo kilikuwa ardhi na askari. Seneti, baraza kuu la Roma, haikuwa na utaratibu wa kudumu wa kuwatunza askari waliomaliza utumishi, kwa hiyo walimtegemea jemadari wao awapatie mashamba, na aliyewapa ndiye waliyemtii. Ndiyo maana jemadari Sulla aliweza kuwaongoza kuuvamia mji wao wenyewe mwaka 88 KK, miaka 39 kabla ya Julius Caesar kuuvuka mto Rubicon na jeshi lake kuingia Italia. Waliomuua Caesar mwaka 44 KK walidhani kwamba akiondoka mtu mmoja uhuru ungerudi wenyewe. Kumbe majeshi yalibaki palepale. Cicero, aliyeitetea jamhuri kwa maneno, aliuawa mwaka uliofuata, na kichwa chake kikatundikwa kwenye jukwaa lilelile alilozoea kuhutubia. Kila nikifika hapo hushindwa kuendelea kusoma kwa muda.

Mwezi Januari mwaka 27 KK, akiwa ameshamshinda mpinzani wake Antonius katika vita vya Actium, huko Ugiriki, mwaka 31 KK, Octavianus, yaani Augustus kabla ya kupewa jina hilo, alitangaza mbele ya Seneti kwamba anarudisha madaraka yote. Seneti ikamkabidhi majimbo yenye sehemu kubwa ya majeshi, ikampa na jina la Augustus. Utazame mlango wa nyumba yake: miti ya mlorela kando ya miimo, na juu yake taji la majani ya mwaloni, heshima ya aliyeokoa maisha ya raia. Hapakuwa na taji la mfalme, na makonsuli, viongozi wakuu wa jamhuri, waliendelea kuchaguliwa kila mwaka. Mwaka 6 BK alianzisha hazina maalumu ya kuwalipa askari wastaafu, akatanguliza fedha zake mwenyewe. Donda ambalo jamhuri ilishindwa kulitibu alilitibu yeye, na utii wa majeshi ukawa wake.

Siwalaumu waliompokea, kwa maana walikuwa wamezika ndugu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na amani aliyowaletea ilikuwa ya kweli. Kinachoniuma ni mwaka 14 BK. Augustus alifariki, madaraka yakamwangukia Tiberius, mwana wa mkewe aliyemfanya mrithi, na uchaguzi wa viongozi ukahamishwa kutoka mikutano ya wananchi kwenda Seneti. Wananchi walinung'unika tu. Aliyezaliwa mwaka wa vita vya Actium alikuwa na miaka 44 wakati huo, naye hakuwahi kuishi chini ya utawala mwingine.

Ni mimi,
Baba yako