Maumivu ya kifua kwa wanaotumia warfarini

Mhariri,

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akishikwa ghafla na maumivu makali ya kifua, kumeza kukawa shida na akatapika damu, tusidhani ni moyo tu. Damu huweza kuvujia ndani ya ukuta wa umio, ikajikusanya na kubana njia ya chakula. Akipewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kudhaniwa ana shambulio la moyo, hali huzidi kuwa mbaya. Apimwe umeme wa moyo, INR, yaani kipimo cha muda wa damu kuganda (kwa wengi wanaotumia warfarini hutakiwa 2 hadi 3), na picha ya CT. Daktari husimamisha warfarini, humpa vitamini K na dripu, bila chakula kwa mdomo. Wengi hupona bila upasuaji.

Wauza dawa, tafadhali sana: kabla ya kutoa metronidazoli, ile Flagyl ya kuharisha, au diklofenaki ya maumivu, muulizeni mteja kama anatumia warfarini. Dawa hizo humwongezea hatari ya kutoka damu.

Mfamasia,
Morogoro