Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bahari Yetu na Ramani Yake

Ndugu wanachama, manahodha, kina mama wa pweza na vijana wetu wa dikoni, Assalam aleikum, na wengine hamjambo.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nina jambo moja, nalo ni ramani.

Meli kubwa hubeba mtambo unaotangaza zilipo. Tangu 2016, mwenye intaneti anaweza kuzifuatilia zile za uvuvi kupitia tovuti ya Global Fishing Watch, na mimi nashukuru, maana wizi wa bahari kuu hupenda giza. Lakini ngalawa na mashua zetu hazina mtambo huo. Ramani zinaonyesha njia za meli, zinaonyesha bomba la gesi ya Songosongo, iliyoanza kutumika 2004. Madema yetu hayamo. Anayepanga matumizi ya bahari ya Kilwa akiwa mbali atadhani huku hakuna mtu.

Ndiyo maana tumechora ya kwetu. Vijana wanatumia QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani, juu ya picha za setilaiti ya Sentinel-2, nazo za bure, ambazo kila kitone chake ni mita 10. Maji yakiwa maangavu utaona mwamba, majani na mchanga. Yakichafuka wakati wa masika, huoni kitu. Majina ya miamba, na wapi changu hukimbilia kusi likivuma, hayo walitupa wazee.

Sasa lile lililotuumiza. Mpaka wa mwamba tuliofunga miezi mitatu ili pweza wakue tuliunakili kutoka ramani ya karatasi ya zamani. Ramani ile imepimwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuhesabu namba za mahali. Simu zetu zinasoma WGS 84, mfumo mwingine. Namba ni zilezile, mahali si palepale: mpaka ulisogea kaskazini karibu mita 300. Bamvua lilipofika, kina mama walichokoa pweza nje ya mwamba, kama tulivyokubaliana, wakifuata alama walizozijua tangu utotoni. Doria ikatazama simu ikasema wamo ndani. Nami niliwaita wavunja sheria mbele ya watu, nikaagiza pweza wao wachukuliwe, ingawa hata mmoja hakuwa chini ya gramu 500 za kisheria. Walikuwa wakweli. Kosa lilikuwa langu, kwa kutowauliza kabla ya kuamini simu. Nimewaomba radhi majumbani mwao, na leo narudia hapa mbele yenu. Mpaka umerekebishwa, na wao ndio waliosimama mwambani maji yalipokupwa, wakatuonyesha kila kona.

Jingine ni siri. Baadhi ya manahodha hawakutaka kutaja wanapotega, na nawaelewa: mahali pa chewa ni urithi wa baba, na ramani ikitoka, wageni wataijua njia. Kwa hiyo kamati inapendekeza ramani ya kupeleka serikalini ionyeshe maeneo yetu kwa miraba ya kilomita moja moja, bila nukta ya mtego wa mtu. Yenye nukta ibaki kwetu.

Ibaki kwa nani, hilo sitaliamua peke yangu. Kamati imependekeza watunzaji watatu: nahodha mmoja, mama mmoja wa pweza na kijana mmoja aliyefunzwa. Naomba mlijadili sasa, kisha tupige kura kabla ya adhuhuri.