Kuran ya umeme ikirudi mashini isiwake yenyewe

Bwana Mhariri,

Mie ni fundi wa umeme huku Kampemba, Lubumbashi, naomba fasi kidogo juu hili jambo linaniuma sana. Kuran ya SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, inaenda na kurudi bila hodi, na ikienda tu utaona vijana wanaingia ndani ya mashini, mmoja anatoa mawe yaliyokwama kwa konkaseri, mashini ya kuvunja mawe, mwingine anafagia chini ya bande, ule mkanda wa kubeba mawe, ati imezimika. Kumbe kuran ikirudi ao grupu, jenereta, ikiwashwa inazunguka palepale na mtu yuko ndani! Kijana mmoja wa jirani alikatika vidole hivyo hivyo kwa mulini wa kusaga bunga, patroni akasema ni uzembe wake.

Mie nakataa. Mashini iliyofungwa vizuri, yenye kontakteri, swichi inayoshikwa na kuran yenyewe, na butoni mbili za kuwasha na kuzima, kuran ikikatika kontakteri inaachia, ikirudi inangoja mtu afinye tena. Lakini wapatroni wanachoka kufinya kila saa, wanamwambia fundi atie swichi ya kugeuza tu, inayobaki imewashwa hata kuran ikikatika, na kwa kampuni kubwa zenye otomati, kompyuta ndogo inayoongoza mashini, programu njo inakumbuka ilikuwa inatembea, inaendelea. Fundi anayekubali kufunga hivyo anajua anachofanya, nasema wazi. Na ile butoni nyekundu ya dharura watu wanaiamini kupita kiasi, inasimamisha mwendo lakini mara nyingi kuran bado iko kwa kofre, sanduku la umeme, na hewa ya presha bado imefungiwa ndani.

Hata Marekani iliwafikia. Tarehe 25 Januari 1979 kule Flat Rock, Michigan, kwenye kiwanda cha Ford, Robert Williams wa miaka 25 alipanda kwenye rafu kuchukua vyuma kwa mkono, roboti iliyokuwa bado inafanya kazi ikampiga akafa palepale. Mwaka 1983 baraza la mahakama likaamua familia ilipwe dola milioni 10.

Kwa hiyo naomba kila anayeingia kwa mashini azime dijonkteri, swichi kubwa ya kukata kuran, aifunge kwa kadena, kufuli yake mwenyewe, ufunguo ukae mfukoni mwake, si kwa mkubwa wa kazi, wakiingia watatu basi kadena tatu. Na inspekta wa kazi akija asiangalie kofia na buti tu, aseme mukate kuran, murudishe, aone kama mashini inawaka peke yake, na ikiwaka aifunge siku ileile.

Fundi wa umeme, Kampemba, Lubumbashi