"Mwambie baba yako luku inaisha"

Baba mwenyewe yuko hapo hapo kwenye kochi na amesikia vizuri tu. Mtoto anageuka, "baba, mama anasema luku inaisha," naye anajibiwa "mwambie hela nilishatuma jana." Mtoto ana miaka tisa na ndo kashakuwa tarishi wa nyumba nzima.

Hiyo nimeichanganya kutoka nyumba kadhaa, siri za watu hatutoi, ila wanaokuja kwetu kwenye ushauri wa familia wengi wanajikuta humo. Na wakija hawasemi wamegombana, wanamleta mtoto: kashuka darasani, kawa mkali, kaanza tena kukojoa kitandani na alishaacha, tusaidie. Sawa tutamsikiliza (na hilo la kukojoa mpitishe hospitali pia), lakini na nyie wazazi vuteni viti mkae.

Kuna daktari wa akili wa Marekani, Murray Bowen, aliiita hii pembetatu, yaani wawili wakishindwana wanamvuta wa tatu ili presha ipungue kati yao. Huku kwetu wa tatu anaweza akawa wifi, bibi, hata dada wa kazi, ila mtoto ndo anaumia zaidi maana hana pa kukimbilia.

Basi tukikaa hatuanzi na nani kakosea, tukianza hapo tutakesha. Tunamuuliza mtoto, mama akinuna baba huwa anafanyaje? "Anatoka." Akitoka wewe unafanya nini? "Napunguza tivii nisikie kama geti limefunguliwa." Hapo wazazi wote kimya, kila mmoja alikuwa anajua mtoto anaangalia katuni.

Halafu mnaenda na kazi ya nyumbani, wiki nzima hakuna kumtuma mtoto maneno, ya luku ya ada ya nini mnaambiana wenyewe mdomo kwa mdomo, na mkijisahau mtoto ana ruhusa kusema "mwambie mwenyewe." Nisiwadanganye, mara nyingi wiki ya kwanza ni kelele tupu, kwa sababu yale mliyokuwa mnapitisha kwa mtoto sasa mnapigana nayo uso kwa uso. Msikate tamaa hapo.

Wengine wanatuogopa wakidhani sisi ni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Hapana, lile ni la kisheria, Sheria ya Ndoa ya 1971 ndo inataka kwa kawaida mpite huko kabla ya kwenda mahakamani kuomba talaka. Sisi hatumhukumu mtu. Ila kama nyumbani kuna kipigo, hatuwaweki chumba kimoja mpatanishwe, mtuambie mapema, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo.

Mwenzio akigoma njoo peke yako, tunaanza na aliyekuja. Na mtoto mlete tu, kalamu za rangi zipo, atachora huku mnaongea, na atasikia kila neno kama kawaida yake.