Barua kutoka Nara

Nara, Japani
3 Mei 2024

Rafiki yangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi, mimi ni mzima, na natumaini nanyi nyote hapo nyumbani hamjambo. Juma lililopita nilitimiza ile nia niliyokudokezea ya kuzuru Kasuga Taisha, hekalu la dini ya Shinto lililoasisiwa mwaka 768.

Njia ya kulifikia hupita msituni, kandokando yake zimepangwa fanusi za mawe zilizoota ukoga, na kulungu huzurura baina yake bila kumwogopa mtu, kwa kuwa mapokeo yasema mungu wa mahali hapo alifika Nara akiwa amepanda kulungu mweupe. Mmoja wao aliinyakua ramani yangu akaitafuna! Nilipokwisha kunawa mikono na kukaribia lango, nilistaajabu kuona nguzo nyekundu zinazong'aa kana kwamba zilipakwa rangi jana, nikadhani nimeletwa mahali pasipo. Kumbe ni desturi yao kulikarabati hekalu kila baada ya miaka 20 hivi, na ukarabati uliokamilika mwaka 2016 ulikuwa wa 60. Mwenye kutaka kuuona ukongwe wenyewe na autazame mlima ulio nyuma, ambao msitu wake ulipigwa marufuku kukatwa miti na kuwindwa wanyama tangu mwaka 841.

Bustani, hata hivyo, ndiyo iliyonishika hadi jioni. Humo imepandwa mimea ipatayo 300 iliyotajwa katika Man'yoshu, diwani ya mashairi ya karne ya 8, na upande mmoja umeachiwa fuji peke yake: mimea itambaayo, yenye vichala virefu vya maua ya zambarau na meupe, takriban mashina 200 ya aina 20. Kwingineko fuji huwekewa chanja juu ya kichwa, lakini hapa imefunzwa kusimama kama miti, hivyo maua hukutana na uso wako, na nyuki nao. Ua hili ndilo nembo ya hekalu, tena limo katika jina la ukoo wa Fujiwara uliolilea hekalu tangu mwanzo. Hata wasichana wanaohudumu humo hulichomeka nywelini.

Usiku wa tarehe 14 na 15 Agosti fanusi zote, zipatazo 3,000, huwashwa. Nimekwisha kuomba ruhusa kazini.

Wako,
Rafikiyo wa siku zote